Mnyoo wa Papa Sokoni Itigi

Ukiingia soko la Itigi ukitokea upande wa stesheni, wapite wauza nyanya, wapite wa mitumba, wapite wa mchele, halafu ifuate pua yako. Mwisho kabisa, karibu na ukuta, utakuta vibanda viwili vinatazamana, na katikati yake njia inayotosha mkokoteni mmoja. Kimoja ni changu mimi, Martina, muuza nyama ya nguruwe. Cha pili ni cha Sikudhani, muuza samaki wakavu wa baharini. Mimi nilisukumwa huko kwa sababu ya nguruwe, maana wenzetu Waislamu hawapendi kuwa karibu naye, na hiyo ni haki yao. Yeye alisukumwa kwa sababu ya harufu. Miaka imepita sasa tunatazamana hivyo, tunachunguliana biashara na kuombana chenji.

Nataka kumweleza Sikudhani kwa sababu watu wa hapa wanamjua kwa mchuzi tu. Mchuzi wake ni mzuri, sikatai, lakini aliyepika ni mkubwa kuliko mchuzi, na mimi ndiye ninayemwona kutwa nzima.

Alizaliwa Mitundu, ndani huko msituni, baba yake akiwa mrina asali. Samaki aliowajua utotoni ni kambale wa madimbwi ya masika. Akaja kuolewa na kijana wa reli hapa Itigi, na mama wa yule kijana alikuwa mtu wa Kilwa aliyeletwa bara na mume wake, naye mfanyakazi wa reli. Mama mkwe huyo ndiye aliyemfundisha kazi. Alimwonyesha namna ya kumpima papa mkavu kwa kumpinda na kumnusa, kumloweka na kumwaga maji mpaka chumvi ikubali kuondoka, kumchemsha kidogo ili ile ngozi ya mchangamchanga iparuzike, ndipo akutane na tui la nazi. Mkwe akafariki, baadaye mume naye akafariki, Sikudhani akabaki na watoto na sufuria. Akaanza kuagiza magunia mwenyewe kutoka pwani: papa, nguru, na taa, yule samaki bapa mwenye mkia kama mjeledi.

Bahari yenyewe hajawahi kuiona mpaka leo. Nikimtania kwamba anauza mali ya nchi asiyoijua, hunijibu kwamba hata mimi sijawahi kumzaa nguruwe na bado namuuza.

Ana namna yake ya kupanga meza, na hiyo ndiyo iliyomletea balaa. Wauzaji wengi wakishampasua nguru na kumkausha, humkunja nyama ndani na ngozi nje, maana ngozi inang'aa na nyama huwa na madoa. Sikudhani humtandaza nyama juu. Anasema mteja anakwenda kula nyama, kwa hiyo aione nyama. Kama kuna doa, lionekane. Kama kuna kitu kingine, nacho kionekane.

Basi, kila mwaka siku ya Maulidi, sinia la kwanza upande wa wanawake hutoka jikoni kwake: wali wa nazi na mchuzi wa papa. Kazi hiyo aliachiwa na mama mkwe. Mwaka wa kwanza, wake wa watu wa reli, wale waliokulia pwani, walicheka kwamba mtoto wa mrina asali atajua nini habari za papa. Walikula, wakanyamaza, wakaomba kuongezwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita mtu wa kuja. Mwenzangu ana nyumba ya tofali na watoto waliosoma, lakini ukimwuliza kitu gani kinamfanya atembee kifua mbele Itigi, atakutajia sinia.

Mwaka jana, Maulidi yakiwa yanakaribia, Fabiano alifika kwenye meza yake na sufuria mkononi. Fabiano ni mzee wetu, aliwahi kulinda geti la reli, mpole na mcheshi. Siku hiyo hakuwa mcheshi. Alifunua sufuria, akatuonyesha kipande cha nguru alichokuwa amekiloweka. Ndani ya nyama kulikuwa na kitu cheupe kilichojikunja kama uzi mnene, na upande mmoja kimevimba kama punje ya mchele.

"Sikudhani, hawa ni tegu wa nguruwe," akasema. "Nawajua. Usiniambie si wenyewe."

Mtu wa mbali anaweza kumcheka Fabiano. Sisi hatukumcheka. Huku kwetu tunaofuga nguruwe, kila mtu anajua kwamba nyama yenye vichembe vyeupe kama mchele ni ya kufukiwa. Mimi mwenyewe situndiki hata paja kabla Raymond, mkaguzi wa nyama, hajapasua na kupiga muhuri. Na Fabiano alikuwa na sababu yake. Mwanawe Elisha ana kifafa, na hospitali waliwaeleza kwamba ni watoto wa tegu huyo waliomfika kichwani. Tangu hapo akiona kitu cheupe ndani ya nyama, haulizi mara mbili, anakwenda kuifukia.

Ila maneno yake hayakubaki pale mezani. Asubuhi yalikuwa kwamba nguru wa Sikudhani ana mnyoo. Saa ya chakula yakawa kwamba gari lililoleta samaki lilipakia nguruwe pia. Alasiri, kwa maneno yao, Sikudhani alikuwa ameshakuwa anahifadhi samaki wake ndani ya friji yangu. Jioni minyoo wenyewe walikuwa wamejifunza kutembea: wametoka kwenye nyama yangu, wakashuka mezani, wakavuka njia, wakapanda kwa Sikudhani. Kuna mama alinieleza mimi habari hiyo, mimi mwenye nyama, kana kwamba nilikuwa nimesafiri.

Kwa Wakristo ilikuwa hofu ya ugonjwa. Kwa Waislamu ilikuwa nzito zaidi. Kitu cha nguruwe kimeingia ndani ya samaki wao halali, na samaki wa meza hiyo hiyo wamewala kila mwaka kwenye sinia la kwanza. Wanawake walikwenda nyumbani kusugua masufuria kwa majivu. Wengine hawakusema lolote, walibadilisha tu njia ya kupitia sokoni. Nami wateja wangu wakapungua, maana muuza nguruwe ambaye minyoo wake wana nguvu za kuvuka barabara hafai kununuliwa.

Ndipo akaja Bi Nyamizi. Huyu ndiye kiongozi wa wanawake msikitini, mtu mzima, mzito wa maneno, na alikuwa shoga wa marehemu mama mkwe. Sikudhani alisimama, akainama kidogo.

"Shikamoo, Bi Nyamizi."

"Marahaba, mwanangu." Hakukaa kwenye kigoda alichopewa. "Sikuja kukugombeza. Imamu amesema samaki wa baharini ni halali na hana tatizo nao. Tatizo ni watu wana shaka, na mtu mwenye shaka huwezi kumlisha kwa nguvu. Kuna nafasi kule kwa wauza mchele, nimeshaongea na mwenyekiti wa soko. Hama hapa. Ukihama nitawaambia wanawake kwamba ulikuwa ujirani mbaya na sasa umekwisha. Sinia lako litakuja kama kawaida. Usipohama, mwaka huu tutapika wenyewe."

Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya njia na kisu mkononi, na Bi Nyamizi hakushusha sauti. Ujirani mbaya nilikuwa mimi. Sitasema kwamba haikuniuma. Lakini nilijua pia kwamba amemletea Sikudhani mlango ulio wazi kabisa. Kuhamisha meza, mizani na magunia ni kazi ya asubuhi moja, na angerudi kuwa Sikudhani wa sinia.

Sikudhani alianza kupanga upya vipande vya taa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Bi Nyamizi, nikihama nitakuwa nimesema mnyoo ametoka kwa Martina," akajibu. "Mimi sijui ametoka wapi. Nikishajua, nitakuja kukwambia mwenyewe, hata kama ni aibu yangu. Ila siwezi kumtwisha mwenzangu mzigo ambao simjui mwenyewe wake."

"Na sinia?"

"Sinia liko kwa Mungu na kwenu."

Bi Nyamizi alimtazama, akanitazama na mimi, akaondoka. Nikavuka njia.

"Hama, mwenzangu," nikamwambia. "Mimi sitakasirika. Tutasalimiana hukohuko kwenye mchele."

Alinitolea macho makali. "Martina, rudi ukakate nyama yako. Usinifundishe ujinga."

Nikarudi. Nililia, nasema wazi, na wateja wawili watatu waliofika walidhani nimefiwa. Nimekaa na watu wa dini yangu, nimeimba nao kwaya, na sina hakika ni nani kati yao angenikingia kifua namna ile, mbele ya mkubwa wake, kwa kitu anachokipenda kuliko vyote.

Jioni hiyo hiyo Sikudhani akachukua simu. Alianza na yule bwana wa pwani anayemtumia magunia. Bwana akacheka. Akasema mdudu wa nguru kwao ni wa kawaida, wakati wa kupasua wanamtoa kwa ncha ya kisu na kuendelea, na wazee wao husema ni mdudu wa papa. Kwa nini wa papa, hakujua. Ila alijua msichana mmoja mtafiti, Belinda, anayekuja mnadani alfajiri kuwaomba wavuvi matumbo ya papa na taa. Wenzake wanaomba minofu, yeye anaomba matumbo. Mwanzoni walidhani ana kasoro, baadaye wakaelewa kwamba anasoma minyoo waliomo. Namba yake alikuwa nayo.

Sikudhani akampigia, akaweka simu juu ya gunia ili na mimi nisikie.

"Shikamoo, mama," ikaja sauti ya kijana.

"Marahaba. Mimi ni Sikudhani, nauza samaki Itigi, mkoa wa Singida. Kuna mdudu ameniingilia kwenye nguru, na ameniharibia jina."

Belinda akaomba picha. Tukampigia picha, tukamtumia. Alipopiga tena, furaha aliyokuwa nayo ungesema tumemtumia picha ya mtoto wa dada yake.

"Mama, huyo ni mnyoo wa papa. Hapo alipo bado ni mchanga. Wazazi wake wanaishi ndani ya utumbo wa papa, mayai yanatoka na kinyesi, yanaingia baharini. Vidudu vidogo wanayala, samaki wadogo wanawala vidudu, nguru anawala samaki wadogo. Sasa ndani ya nguru anajikunja kwenye nyama na kungoja. Hakui, hazai, anangoja tu. Siku papa akimmeza yule nguru, ndipo anapoamka, anatoa mikonga yake minne yenye ndoana, anashika utumbo na kuanza maisha."

"Na papa asipokuja?" Sikudhani akauliza.

"Anangoja mpaka nguru anakufa, na yeye anakufa humo. Kama huyo wako."

Sikudhani akatikisa kichwa, na niliona kwamba amemwonea huruma mdudu aliyemharibia jina.

"Taa nao wana wa kwao," Belinda akaendelea, na ilikuwa wazi kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpigia simu kuuliza mambo haya. "Wengine wanaishi ndani ya aina moja tu ya taa. Ukimpasua taa wa aina nyingine, humwoni."

"Na nguruwe?"

Belinda akashangaa. "Nguruwe ameingiaje hapo, mama?"

Tukacheka, mimi na Sikudhani, kwa mara ya kwanza tangu lile sufuria. Tukamweleza. Belinda hakucheka. Alisema anaelewa kosa lilivyotokea, kwa sababu watu wa bara wanaofuga nguruwe wamefundishwa kuogopa kitu cheupe ndani ya nyama, na waendelee kuogopa.

"Lakini hawa hawana njia ya kukutana. Tegu wa nguruwe anamngojea binadamu, ndani ya mtu ndimo anamokuwa mkubwa. Huyu anamngojea papa. Kwa mtu hana makazi, na akishapikwa ni nyama kama nyama nyingine. Mkitaka kuwaonyesha watu, mlowekeni, mvueni lile gamba alilojifungia taratibu, mumweke katikati ya vioo viwili na kumbana. Mikonga itatoka. Tegu wa nguruwe hana mkonga hata mmoja, ana kichwa cha mviringo chenye taji la ndoana."

Kuanzia hapo nilimwona Sikudhani mwingine. Muuzaji yeyote mwenye akili angekuwa anawatoa minyoo na kuwatupa kabla mteja hajafika. Yeye alikaa mchana kutwa anawatafuta. Alikuwa na bakuli la maji na sindano ya kushonea, anapekua nguru mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza walikatika, maana chumvi ilikuwa imewakausha wakawa kama nyuzi za zamani. Hakukasirika. Mikono iliyozoea kumparuza papa bila kumchana nyama ina subira yake. Mwishowe akapata kadhaa wazima, akawatazama juani juu ya kipande cha kioo cha dirisha.

"Martina," akaniita. "Mdogo huyu alikuwa anakwenda kwa papa, akaja kufia kwangu, meza moja na papa. Shibiri mbili tu zimebaki afike."

Raymond tulimfuata ofisini. Ni kijana wa Mtinko, hana majivuno. Alisema wa nguruwe anamjua vizuri, huyu wa nguru hajapata kumwona, na angependa sana kumwona. Akaazima hadubini kwenye maabara ya sekondari, na kutoka kabatini kwake akachukua chupa yenye vichembe vya nguruwe ndani ya spiriti, anayoitumia kufundishia wafugaji.

Siku ya mnada, soko limejaa, tukaweka meza katikati ya njia. Sikudhani alikataa iwekwe upande wake, akakataa iwekwe upande wangu. Mkokoteni wa kwanza uliofika ukakuta njia imefungwa, mwenye mkokoteni akaanza kufoka, na kufoka kwake kukatuletea watu bila kupiga debe.

"Fabiano," Sikudhani akaita. "Wewe ndiye uliyeona wa kwanza. Njoo uone tena."

Mzee akaja, kofia mkononi. Raymond akamwonyesha kwanza wa nguruwe. Akatazama, akaondoa jicho haraka. Kisha wa Sikudhani. Aliyekuwa amebanwa kwenye kioo alikuwa ametoa mikonga miwili kamili, wa tatu umetoka nusu, wa nne ulikataa. Lakini hiyo miwili ilitosha: mirefu, miembamba, imejaa ndoana kuanzia shinani hadi nchani kama kijiti cha mgunga chenye miiba. Fabiano alikaa na jicho pale mpaka watu wakaanza kulalamika.

"Huyu ana mikono," akasema alipoinuka. "Yule hana. Hawa si ndugu." Akageuka kwa Sikudhani. "Dada, nisamehe. Nilimwogopa kwa ajili ya mtoto."

"Ulifanya vizuri kuogopa," Sikudhani akajibu. "Endelea kumwogopa huyo wa kwenye chupa."

Hapo Raymond akapata nafasi yake, akawaambia watu bila kuficha kwamba wa kwenye chupa humpata nguruwe kwa sababu ya sisi watu kujisaidia vichakani, na nguruwe huzurura akala. Wengine wakatazama viatu vyao. Nikajisikia vizuri kidogo kwa niaba ya nguruwe wangu, maana kwa mara ya kwanza kesi haikuwa ya kwake peke yake.

Foleni ikawa ndefu. Watu waliopinda njia wiki nzima ili wasituone walikuwa sasa wanasukumana kumwona mnyoo. Mmoja akasema mdudu mwenye ndoana namna ile angefaa kukwea mnazi. Wanawake wa msikitini tu ndio waliosimama mbali, kwa sababu ya ile chupa. Walikuwa wanamtazama Bi Nyamizi, na Bi Nyamizi alikuwa anaitazama meza.

"Kuangalia si kula," akasema hatimaye, akaja.

Akainama kwenye hadubini, akatazama wa kwanza, akatazama wa pili, akarudia wa pili. Alipoinuka alimwuliza Sikudhani swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza.

"Na huyu mwenye mikono, kwao ni wapi?"

Sikudhani akaenda mezani kwake. Akarudi na nguru aliyetandazwa, nyama juu, akamweka. Akarudi na kipande kikubwa cha papa, akakiweka kando ya nguru.

"Alikuwa hapa, Bi Nyamizi," akasema, akigusa nguru. "Alikuwa anakwenda hapa." Akagusa papa. "Mwanzo wa safari yake ni baharini na mwisho wake ni baharini. Huku kwetu bara amefika amekufa, ndani ya gunia, na kwa Martina hajakanyaga. Niliahidi kuja kukwambia. Nimekwambia."

Nimewahi kumsikia mkuu wa wilaya akihutubia, nimewahi kumsikia askofu. Sijawahi kujivunia mtu akizungumza kama nilivyojivunia siku ile. Mtoto wa mrina asali, hajawahi kuiona bahari, anawaeleza watu wa Itigi habari ya bahari kwa nguru na papa wa mezani kwake.

Bi Nyamizi akaitika kwa kichwa, akaondoka na watu wake. Neno la sinia hakulitamka.

Wateja walirudi, wake na wangu. Ila kwa mwenzangu jambo lilikuwa moja, na lilikuwa halijajibiwa. Maulidi yakabakiza usiku mmoja. Jioni nilimkuta anamwaga maji ya chumvi kwenye ndoo ya papa.

"Nani kakuagiza?" nikamwuliza.

"Hakuna."

"Sasa unaloweka wa nani?"

"Papa halowekwi kwa dakika, Martina. Wakija watamkuta laini. Wasipokuja, tutamla mimi na wewe mpaka tumchukie."

Asubuhi nilifungua banda, nikaliacha, nikaenda nyumbani kwake. Jikoni kulikuwa na moshi, wali na mchuzi wa papa vimeshaiva, na nguru anachemka pembeni. Tukakaa tukingoja, yeye akijifanya anakwangua nazi, mimi nikijifanya nimekuja kuazima chumvi. Kisha wakaingia wanawake wa msikitini, wamevaa vizuri, na kitambaa cheupe cha kufunikia sinia. Wakamsalimu. Aliyewaongoza akasema Bi Nyamizi ameagiza sinia kama kila mwaka, na kama inawezekana, mwaka huu liwe na nguru pia.

Sikudhani alichukua upawa akaanza kupakua, na machozi yakawa yanamshuka bila yeye kuyafuta, maana mikono yote ilikuwa na kazi.

Sinia lilirudi siku iliyofuata, hapa hapa sokoni, watu wakiwa wengi, na aliyelibeba ni Bi Nyamizi mwenyewe. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, awe Mwislamu au Mkristo. Sinia lilikuwa na tende na kaimati. Alimkabidhi Sikudhani, wakapeana mikono, na mimi nikadhani yamekwisha. Lakini Bi Nyamizi akageuka pale katikati ya njia, ilipokuwa meza ya hadubini, akaja mpaka bandani kwangu. Hakuwa amewahi kufika hapo maisha yake yote. Chini ya ushungi alikuwa na bakuli lililofunikwa.

"Hiki ni cha jirani," akasema. "Nilisema ujirani mbaya, na wewe ulikuwa unasikia. Nilikosea."

Nilikuwa na aproni ya damu na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Ng'ambo Sikudhani akapaza sauti.

"Martina, nawa kwanza, usituaibishe."

Soko zima likacheka, na Bi Nyamizi naye. Nikanawa, nikalipokea. Ulikuwa wali wa nazi na mchuzi wa papa.

Lakini sasa bakuli lilikuwa mikononi mwangu, nalo halirudi tupu. Muuza nguruwe atie nini kwenye bakuli la Bi Nyamizi? Niliwaza nikikata nyama, nikawaza nikisali. Mwisho nikanunua asali ya Mitundu, ile nyeusi ya msituni kwao Sikudhani, ikiwa bado imefungwa na mrina asali. Nikampa Sikudhani aoshe bakuli na kuimimina asali kwa mikono yake. Kisha nikavua aproni, nikaoga, nikavaa gauni la kanisani, nikalibeba mwenyewe mpaka nyumbani kwa Bi Nyamizi.

Alifungua mlango, akafunua kitambaa. Akachovya kidole hapo hapo mlangoni, akalamba mbele yangu, ndipo akanikaribisha ndani.